Kichupa cha China 30

Barua kutoka maabara ya serikali Dar es Salaam ilifika Tukuyu baada ya siku arobaini na moja, ndani ya bahasha ya kaki iliyolowa upande mmoja. Sajenti Ambindwile Mwaseba aliipasua kwa wembe, akaisoma akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena.

Vielelezo vilivyopelekwa vilikuwa vinne. Sampuli ya tumbo la marehemu: hakuna sumu. Kikombe chenye mabaki ya uji: hakuna sumu. Dumu la dawa ya magugu, mali ya shamba la chai: ni dawa ya magugu, kama lebo inavyosema. Kichupa cha kioo chenye punje ndogo nyeupe, kimeandikwa CHINA 30: sukari ya maziwa na sukari ya miwa. Hakuna kingine kilichoonekana.

Ilikuwa Julai 1996. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye madirisha ya kituo, na askari wa zamu walikuwa wamevaa makoti saa nne ya asubuhi. Tangu mwishoni mwa Mei mtu mmoja wa Nkunga, Lazaro, mnyunyiziaji wa shamba la chai, alikuwa mahabusu kwa tuhuma ya kumuua mke wake, Atupakisye. Shemeji zake ndio waliomleta, mikono imefungwa kwa kamba ya mgomba, dumu la dawa ya magugu limening'inizwa shingoni kama ushahidi. Walisema dada yao alitapika siku nne akafa, na kwamba huyu mtu alikuwa na sumu chini ya kitanda.

Sajenti alifungua jalada akatafuta maelezo ya mtuhumiwa ya siku ya kwanza. Yalikuwa mistari sita, mwandiko wa konstebo mgeni. Mstari wa nne ulisema: "Nilimpa dawa kwa mkono wangu, asubuhi na jioni, hadi alipokufa."

Halafu akaagiza Lazaro aletwe.

Lazaro alikuwa amekonda. Alikaa kwenye ukingo wa benchi akakumbatia magoti.

"Lazaro, siku ile uliandikiwa kwamba ulimpa mkeo dawa. Dawa gani?"

"Si niliwaambia, afande."

"Hapa imeandikwa dawa tu. Konstebo alikuwa amelishika lile dumu mkononi. Na lebo ya dumu inasema dawa."

Lazaro aliinua macho. Ilimchukua muda kuelewa.

"Mlidhani nilimnywesha dawa ya magugu?"

"Ndivyo ilivyosomeka."

"Mimi nilisema dawa. Ya kunywa. Ile ya kichupa." Alionyesha kidole gumba na cha shahada, kipimo cha kitu kidogo. "Ya Nesi Tulinagwe, pale Bulyaga. Hakuna aliyeniuliza ni dawa ipi."

Sajenti alichukua karatasi safi. "Sasa nakuuliza. Anza mwanzo."

Lazaro alieleza bila haraka. Mwezi wa nne, Atupakisye alikwenda Kyela kwa shangazi yake kusaidia kuvuna mpunga, na wote wanajua Kyela kuna mbu wengi kuliko huku juu. Miaka mingine alikuwa akinunua klorokwini, lakini ilimwasha mwili mzima hadi akajikuna damu. Wenzake kwenye mzani wa kupimia chai wakamwambia Bulyaga kuna kinga mpya, tamu, haiwashi, hata mtoto anaililia. Akanunua kichupa. Alikaa Kyela wiki tatu, akarudi na gunia la mchele na afya njema. Siku ya tano baada ya kurudi, homa.

"Nikataka kumpeleka hospitali. Yeye akasema nimuulize kwanza nesi, maana alimwambia homa ikija asiogope. Nikaenda kwa baiskeli. Nesi akasema ni vizuri."

"Vizuri kivipi?"

"Kwamba dawa ikimwingia mtu, ugonjwa unapanda kwanza. Unapanda ndipo unatoka. Akasema ni dalili njema, tuendelee. Nikaendelea." Alihesabu siku kwa vidole. "Siku ya tatu macho yakawa ya njano, akawa ananiita jina la kaka yake. Nikasema, basi imepanda sana, sasa inatoka. Siku ya nne alfajiri nikaamka nikamkuta ametulia. Nilifurahi, afande. Nilidhani homa imetoka."

Sajenti aliandika sentensi hiyo kama ilivyosemwa.

"Kuna mtu alikuambia usimpeleke hospitali?"

"Hapana."

"Nesi alikuambia?"

"Hapana. Alisema tuendelee." Lazaro aliangalia ile bahasha ya kaki. "Wamesema ilikuwa na sumu?"

"Haikuwa na sumu."

"Ilikuwa na nini?"

"Sukari."

Sajenti alimpa Lazaro karatasi aweke dole gumba, na saa nane mchana akaachiwa kwa dhamana ya mjomba wake, akaondoka na koti la kuazima kuelekea Nkunga, ambako watoto wake wawili walikuwa kwa bibi yao.

*

Kwa wiki mbili za mwanzo Sajenti Mwaseba alikuwa ameifuata njia isiyo yenyewe. Neno CHINA kwenye lebo lilimfanya awasake wachuuzi wa bidhaa za Kichina, waliokuwa wamejaa sokoni tangu biashara ilipofunguliwa: tochi, thermosi, marhamu ya mgongo yenye picha ya chui. Alikuwa amegeuza meza kumi na moja na hakupata kichupa kinachofanana na kile. Sasa, akiwa na jina la Nesi Tulinagwe mfukoni, alipita kwanza hospitalini.

Dokta Wilson ndiye aliyeupokea mwili wa Atupakisye. Sajenti alimkuta akinawa mikono kwenye beseni.

"Nilikwambia tangu Mei," daktari alisema. "Damu niliyoitoa kwenye maiti niliiweka chini ya darubini. Vijidudu vya malaria vilikuwa vingi hata sikumaliza kuhesabu. Ninyi mkasema subiri Dar."

"Ndugu zake walitaka sumu, dokta. Na mtuhumiwa alikuwa na dumu."

"Sasa Dar imesema nini?"

Sajenti alimpa barua na kichupa kilichorudishwa pamoja nayo. Daktari aliisoma, akachukua kile kichupa, akakiinua kwenye dirisha. Punje zilikuwa ndogo kama ulezi.

"Hii siyo China ya Wachina," alisema. "Ni jina la zamani la gome la mti. Mkwinini. Mti uleule tunaotolea kwinini ninayowatundikia watu kwenye dripu hapo wodini."

"Kwa hiyo ni dawa ya malaria?"

"Subiri. Kuna watu Ulaya wanaita tiba hii homiopathi. Wanachukua tone moja la maji ya gome, wanalitia kwenye matone mia ya spiriti, wanatikisa. Hapo wanatoa tone moja, wanalitia kwenye mia nyingine, wanatikisa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hiyo namba 30 ni idadi ya mara walizofanya hivyo."

"Na gome linabaki kiasi gani?"

"Umewahi kufika Matema ukaliona ziwa? Chukua tone moja la gome ulitie kwenye ziwa lote, ukoroge, unywe kijiko. Utakuwa umekunywa gome jingi kuliko lililomo humu." Akamrudishia kichupa. "Wanasema maji yanakumbuka."

"Wewe unasema nini?"

"Mimi nasema ulichosoma kwenye barua. Laiti angeletwa hapa siku ya kwanza, vidonge vingetosha. Siku ya pili, pia. Hata siku ya tatu ningemtundikia kwinini na pengine leo angekuwa anachuma chai." Akakausha mikono. "Wagonjwa wangu wengine wanafika siku ya nne. Siwaulizi tena walikuwa wapi."

*

Duka la Bulyaga lilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao iliyopigwa rangi nyeupe. Ukutani, rafu mbili za vichupa vya ukubwa mmoja, vimepangwa kwa herufi. Bango la nje lilisema TIBA YA HOMIOPATHI – DAWA ZISIZO NA MADHARA. Upande wa kulia wa kaunta palining'inia cheti chenye muhuri wa dhahabu kutoka chuo cha ng'ambo kilichofundisha kwa barua. Upande wa kushoto, leseni ya biashara.

Sajenti alisoma leseni kwanza. Aina ya biashara: vyakula na bidhaa mchanganyiko.

"Ugonile, Nesi."

"Ndaga, afande. Karibu." Tulinagwe alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, gauni limepigwa pasi vizuri, saa ya manesi bado imebanwa kifuani. "Nilijua utakuja. Nilijua tangu niliposikia Lazaro amekamatwa."

"Basi kwa nini hukuja wewe?"

Tulinagwe alivuta kigoda akampa, mwenyewe akabaki amesimama kama mtu aliye zamu.

Sajenti alimsomea onyo: kwamba halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa. Alikubali kwa kichwa.

"Ulikuwa nesi wa serikali?"

"Miaka kumi na tisa. Tisini na tatu wakatupunguza. Walisoma majina kwenye karatasi, langu la sita. Sikuwa nimeiba, sikuwa nimelewa. Nilipunguzwa."

"Na hii ukaijuaje?"

"Kupitia gazeti la kanisa la kigeni lililokuwa linaletwa na mgeni mmoja. Nilisoma miaka miwili kwa posta, afande. Mitihani nilifanya hapa hapa juu ya kaunta hii. Hii kitu wanauza Ulaya kwenye maduka ya dawa yenyewe, na daktari anaandika. Mimi mwenyewe naitumia kwa maumivu ya magoti."

"Umesajiliwa?"

Tulinagwe alifungua droo, akatoa faili la kijani. Ndani yake mlikuwa na barua zake kwa ofisi ya dawa ya Dar es Salaam, alizochapisha kwa taipu, nakala nne, za miaka miwili, na jibu moja. Jibu lilikuwa fupi: bidhaa alizotaja hazimo katika orodha ya dawa, kwa hiyo ofisi haina mamlaka ya kuzisajili wala kuzikagua.

"Niliomba nikaguliwe," alisema. "Niliomba waje. Wakasema siyo dawa. Nikaenda ofisi ya biashara wakaniuliza, ni nini basi? Nikawaambia ni punje za sukari zenye dawa. Wakaandika vyakula."

"Na bango lako linasema dawa."

"Nisemeje? Dawa ya meno inasema dawa. Dawa ya viatu inasema dawa."

"Hakuna anayepeleka dawa ya viatu kwa mkewe mwenye homa, Nesi."

Sajenti aliomba daftari la wagonjwa, naye akalitoa bila ubishi. Liliandikwa kwa mpangilio wa wodini: tarehe, jina, umri, malalamiko, alichopewa. Ukurasa wa Aprili: "Atupakisye, 31, Nkunga. Safari Kyela. China 30, punje tatu, asubuhi na jioni." Ukurasa wa Mei, jina lilelile: "Homa imepanda. Dalili njema. Aendelee."

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Nikuulize kitu cha wodini. Uko zamu. Analetwa mwanamke, ametoka Kyela siku tano zilizopita. Ana homa kali na anatapika. Unafanya nini?"

"Afande..."

"Unafanya nini, Nesi?"

"Napima damu." Sauti ilishuka. "Namwanzishia klorokwini kabla majibu hayajatoka. Akitapika vidonge, namwita daktari."

"Mbona huyu hukumfanyia hivyo?"

"Sikumwona. Alikuja mume wake, akasimama hapo ulipo, akasema homa imepanda. Kitabu kinasema..." Alishika ukingo wa kaunta. "Ningemwona kwa macho yangu ningejua. Haki ya Mungu nisingemwacha. Lakini sikumwona, nilikiona kitabu."

"Alikuuliza kama ampeleke hospitali?"

"Hakuuliza."

"Ungemwambiaje?"

Tulinagwe aliangalia rafu, safu ya vichupa vyenye herufi. "Sijui," alisema. "Ndiyo maana silali."

Sajenti alichukua vichupa kumi na viwili vya China 30, daftari na faili la kijani, akaandika hati ya mali iliyokamatwa, naye akaitia sahihi.

*

Daftari lilimpa kazi ya siku nne. Kati ya Machi na Juni, majina ishirini na matatu yalikuwa na neno Kyela mbele yake. Alichukua pikipiki ya kituo na kuwatafuta mmoja mmoja, Bulyaga, Nkunga, hadi vijiji vya Matwebe, akipita kwenye njia za migomba zilizogeuka tope.

Alipata habari za kumi na tisa. Kumi na mmoja hawakuugua kabisa, na hao ndio walioongea zaidi. Walimtolea vichupa vyao kutoka kwenye makabati, wakamwambia hawatanunua kinga nyingine maisha yao yote. Sita waliugua, wote walimeza klorokwini au walifika hospitalini, na watatu kati yao bado walidhani ni zile punje zilizowaponya. Walikuwapo wawili waliokufa. Wa kwanza alikuwa Atupakisye. Wa pili alikuwa mtoto wa miaka minne huko Matwebe.

Mama wa mtoto huyo, Felista, alimpokea uani, mikono imejaa majivu ya kuoshea sufuria.

"Ilikuwa degedege," alisema. "Ilianza homa, nesi akasema ni njema. Halafu akashikwa na degedege. Degedege haina hospitali, kila mtu anajua."

"Mama, mimi nadhani ilikuwa malaria. Nikipata kibali, daktari anaweza kuuchunguza mwili. Ingesaidia wengine."

"Kuuchunguza vipi? Amezikwa."

Sajenti hakusema neno lililofuata. Felista alilielewa mwenyewe. Alinyanyuka, akaenda akasimama katikati ya uani, kati ya sajenti na kijilima kidogo kilichopandwa maua nyuma ya jiko.

"Usimfukue mwanangu, baba. Nakuomba kwa jina la Kyala, Mungu wetu. Hata kama ni malaria. Usimfukue."

"Sitamfukua, mama."

"Na ile dawa," Felista alisema baadaye, alipomsindikiza barabarani. "Ilikuwa mbaya?"

"Haikuwa mbaya. Haikuwa kitu."

Alilifikiria hilo. "Basi hata mimi sikukosea," alisema, na sajenti akawasha pikipiki.

*

Inspekta Lusungu, mwendesha mashtaka, alilisoma jalada lote mbele ya sajenti. Alikuwa mtu mwangalifu, anayefungua kila ukurasa hadi mwisho. Alikuwa amemwita pia Dickson, mkaguzi wa maduka ya dawa baridi, ili wamalize mara moja.

"Tuanze na wewe, Dickson," alisema Lusungu. "Lile duka unaweza kulifunga?"

"Nikilifunga kwa kuuza dawa isiyosajiliwa, afande, lazima nisimame mahakamani niseme hii ni dawa. Wakili wake atatoa barua ya maabara: sukari. Halafu atatoa barua ya ofisi ya Dar: siyo dawa. Nitajibu nini?"

"Lifunge kama chakula."

"Sukari haijaoza. Haina mende. Duka ni safi kuliko hospitali."

"Bango linasema dawa," Sajenti Mwaseba aliingilia.

"Nimemwambia alifute. Kasema atalifuta. Ataandika tiba. Neno tiba sina sheria yake."

Lusungu aligeukia jalada. "Kuua bila kukusudia, kwa uzembe. Mwaseba, huyu nesi alimgusa marehemu?"

"Hapana, afande."

"Alimwona mgonjwa?"

"Hapana."

"Alimkataza hospitali?"

"Hapana. Alisema aendelee."

"Aendelee kula sukari. Nami nitamweleza hakimu kwamba sukari iliua." Akafunga jalada nusu. "Malaria ndiyo iliyoua. Mbu wa Kyela ndiye aliyeua. Na mtoto wa Matwebe?"

"Mwili hautapatikana."

"Hakuna kibali, au hukuomba?"

"Sikuomba, afande."

Lusungu alimtazama juu ya miwani. Alirudi kwenye ukurasa wa maelezo ya Lazaro, akaweka kidole.

"Kuna mmoja tu humu ndani ambaye sheria inamfikia. Mtu mzima, ana baiskeli, hospitali haifiki saa moja. Anamwona mkewe macho yamekuwa ya njano, anaongea ovyo, na anakaa naye siku nne. Anakiri kwa dole gumba lake. Kosa hilo ninaweza kulipeleka mahakamani hata kesho."

Dickson aliangalia kiatu chake.

"Afande, yule mtu alikuwa anamtibu mke wake."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa dawa."

"Mwaseba. Tumetoka kukubaliana hapa kwamba siyo dawa."

"Yeye aliambiwa ni dawa. Bango lilisema. Nesi mwenye saa kifuani alisema. Amekaa mahabusu siku arobaini na moja kwa sababu konstebo wetu hakuuliza dawa ipi. Ukimrudisha sasa, watoto wake watakuwa wamepoteza wazazi wote wawili, na lile duka litakuwa wazi palepale."

"Basi jalada hili halina mshtakiwa."

"Halina."

"Unajua maana yake? Ukiandika pendekezo la kufunga, linafungwa lote. Nesi, mume, mtoto wa Matwebe. Huwezi kurudi mwaka ujao akifa mwingine ukasema naendeleza lile."

Sajenti alichukua kalamu. Aliandika maneno mawili: hakuna kesi. Akatia sahihi, tarehe na namba yake. Lusungu aligonga muhuri chini yake.

"Vielelezo vinarudi kwa mwenyewe," Lusungu alisema. "Wiki hii, kwa maandishi."

*

Alivirudisha siku ya Alhamisi, asubuhi yenye manyunyu. Bango lilikuwa limepakwa rangi upya. Neno DAWA halikuwepo tena. TIBA ZISIZO NA MADHARA, lilisema.

Watu saba walikuwa wamekaa kwenye benchi nje, na wengine wanne wamesimama chini ya upenu. Mwezi Mei, alipopita hapo mara ya kwanza bila kujua anachotafuta, hapakuwa na benchi.

Tulinagwe alitia sahihi fomu ya makabidhiano: vichupa kumi na viwili, daftari moja, faili moja. Hakuvihesabu.

"Kwa hiyo imekwisha," alisema.

"Imefungwa."

"Nilidhani mtanipeleka mahakamani. Nilikuwa nimeshamwambia dada yangu achukue kuku." Aliitazama mikono yake. "Nifunge duka, afande?"

"Sheria haisemi ufunge."

"Sijaiuliza sheria."

"Funga."

"Halafu nile nini? Wodini hawanirudishi. Shamba langu ni mistari mitano ya migomba." Alishusha sauti ili watu wa nje wasisikie. "Nawaambia sasa. Kila mmoja. Namwambia ukipata homa nenda hospitali. Wananicheka. Wanasema nesi, umeogopa polisi, na polisi wenyewe wamekusafisha."

"Nani amesema tumekusafisha?"

Alionyesha mlango kwa kidevu.

Sajenti alitoka nje. Mwanamke wa kwanza kwenye benchi alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine kamshika sketi, mfuko wa safari umewekwa kati ya miguu. Alipomwona amevaa kofia ya polisi, alisimama kwa heshima, akapiga magoti kidogo kama wafanyavyo wanawake wa huko.

"Shikamoo, baba. Wewe ndiye uliyeipeleka Dar?"

"Marahaba. Nimeipeleka nini?"

"Hii dawa ya nesi. Tumesikia kule kwenye mzani wa chai. Kwamba serikali imeipima kwa mashine na imekuta haina kitu."

"Ndiyo, mama. Haina kitu."

"Haina sumu."

"Haina sumu, haina dawa. Ni sukari. Hakuna chochote ndani."

"Ndivyo tulivyosikia." Alitabasamu, uso umepumzika. "Mimi nilikuwa naogopa. Yule mama wa Nkunga alipokufa nilisema sitaigusa. Lakini kama serikali imepima haina kitu kibaya, hata mtoto ninaweza kumpa."

"Mama, nisikilize. Unakwenda wapi?"

"Kyela. Dada yangu amejifungua. Tutakaa mwezi."

"Nenda duka la dawa kule juu ununue klorokwini. Na neti. Mtoto akipata homa, siku hiyohiyo hospitali. Hii haikingi kitu."

Mwanamke alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa. Wenzake kwenye benchi nao walimsikiliza. Mmoja wao, mzee mwenye fimbo, alitikisa kichwa kukubali kila neno.

"Ndaga fijo, baba," mwanamke alishukuru. "Mmefanya kazi nzuri. Zamani tulikuwa tunakunywa vitu tusivyovijua."

Akapita mbele yake, akaingia dukani. Sajenti Mwaseba alibaki mlangoni. Alimwona akiweka mfuko sakafuni na kumshusha mtoto mgongoni ili nesi amwone vizuri. Tulinagwe alimwambia kitu kwa sauti ya chini, kirefu, akinyoosha mkono kuelekea upande wa hospitali. Mwanamke alicheka kidogo, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye rafu.

Nesi aliinua macho akamtazama sajenti. Walitazamana, kaunta nyeupe katikati yao. Kisha Tulinagwe aliinama, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaandika tarehe, na kuuliza jina la mtoto mdogo.